Wasomaji Wanauliza: Matembezi Gani Haya ya Kupita Kwenye Magodauni?

Toleo lililopita tuliandika mistari michache tu kuhusu kutembea kwa miguu hapa mjini Zanzibar kutoka Ngome Kongwe, ukapita Mizingani, Malindi, Funguni, Kinazini, Gulioni, Saateni mpaka Marahubi na Mtoni, yaani takriban kufuata ile njia ya reli ya zamani ya Bububu. Mistari michache lakini barua zimekuja nyingi na baadhi yake za ugomvi khasa. Nimechagua hizi, nyengine zinauliza hayohayo.

*

*Asalaam aleikum. Mimi ni mstaafu, nakaa Kikwajuni. Daktari kanambia nitembee kwa sababu ya presha na sukari. Sasa nyie mnanambia nende Marahubi nikapite kwenye magodauni, gereji na malori, wakati Mungu katupa bahari na upepo wake. Kuvuta moshi ndo dawa? Si bora nizunguke zangu pale Maisara?* (Mstaafu, Kikwajuni)

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Maisara hakuna aliyekukataza. Pako wazi, pana upepo, na ukichoka unakaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima atembee kwa kasi angalau dakika 150 kwa wiki, ndo kama nusu saa siku tano, na Maisara unazipata zote bila kuvuka barabara hata moja. Kama ni dawa tu unatafuta basi umeshaipata, na huyo daktari wako msikilize yeye kabla ya kunisikiliza miye.

Lakini kuzunguka uwanja kuna ugonjwa wake, kunachosha roho kabla ya miguu, wengi wanaanza kwa nguvu mwezi wa kwanza halafu wa pili wako barazani wanacheza bao. Njia yenye vitu vya kuangalia inakuvuta mwenyewe, unasema nifike pale kwenye kona tu nione kuna nini, mara ushafika Gulioni. Na hiyo ya magodauni ina vitu vya kuangalia kuliko watu wanavodhani, tena vitu vyetu wenyewe, si vya kuwapigia picha wageni.

Chukua hiyo reli. Ilijengwa 1904 mpaka 1905 na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co ya New York, ikaanzia pale Ngomeni, ikapita katikati ya nyumba za Malindi karibu sana na madirisha ya watu, ikenda zake Bububu, maili 7 hivi, kama kilomita 11. Ilibeba abiria na ilibeba mizigo, na hata wageni wa meli walikuwa wanapandishwa wakatembezwe shamba. Barabara zilipotengenezwa na magari yakaanza kuingia, abiria wakaihama, na katika miaka ya 1920 kazi iliyokuwa imebaki ni kubeba mawe ya kujengea bandari ya Malindi. Yani ile gati ambayo leo ndo inaleta makontena na malori unayoyalalamikia, mawe yake yalipita njia hiyohiyo tunayokwambia utembee. Reli ikafa, mzigo haukufa, ukahamia kwenye magurudumu ya mpira.

Sasa mwenye kusema pale pameharibiwa na viwanda, kwanza atwambie pale palikuwa nini. Ukifika Marahubi utaona nguzo nene zimesimama hazina dari, na hamamu yake, hilo ni kasri la Sayyid Barghash, lilijengwa miaka ya 1880 mwanzoni na likaungua moto 1899. Ukiendelea mbele kidogo kuna Mtoni, Beit el Mtoni, kasri la zamani kuliko yote la Sayyid Said hapa Unguja, ndo alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, 1844. Na hilo kasri la Mtoni lenyewe baadae lilikuja kutumiwa kama ghala! Kwa hivyo godauni la Mtoni si mgeni aliyekuja kuvunja heshima ya kasri, kasri lenyewe lilishakuwa godauni kabla yetu. Na ile nyumba kubwa ya Livingstone pale njiani, iliyojengwa kama 1860 wakati wa Sayyid Majid, Livingstone alikaa 1866 akijitayarisha na safari yake ya mwisho ya bara, halafu miaka mingi baadae ikawa maabara ya kutafiti maradhi ya mikarafuu. Msafara, maabara, na baadae ofisi. Pwani hii ya kaskazini ya mji imekuwa ya kazi na ya anasa kwa pamoja tangu zamani, siye ndo tunataka kuitenganisha.

Ama moshi, hapo una haki yako na sikubishii. Mtu mwenye presha asitembee nyuma ya lori la kontena saa nne za asubuhi jua linawaka. Toka baada ya sala ya alfajiri, ukifika Saateni bado barabara ni yako, na siku nzuri kuliko zote ni Jumapili. Mchana waachie wenye shughuli zao. Na usende mpaka Marahubi kwa mara moja, ni kama kilomita 4 kutoka mjini na kurudi pia kuna miguu, au urudi na daladala ya Bububu kama sisi wengine, hakuna atakayekucheka.

*

*Nina watoto watatu, wa mwisho bado namsukuma kwenye kigari. Natamani sana kutembea nao jioni lakini naogopa, malori yanatoka ghafla kwenye mageti, vespa zinapita juu ya njia ya waendao miguu, na kuna sehemu hakuna njia kabisa ni mtaro wazi tu. Hivyo mnashauri vipi mtu kama mimi?* (Mama wa Watatu, Chumbuni)

Dada yangu, kwanza nakwambia ukweli, kwa kigari cha mtoto usiende njia yote. Anzia Forodhani, pita Mizingani kwenye ule ukuta wa bahari uliokarabatiwa na mradi wa huduma za miji, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia, pamelainika, pana taa, pana pa kukaa, na watoto wanaona boti za Dar zinaingia. Ukikaribia geti la bandari geuza. Hiyo ndo sehemu ya kigari, baada ya hapo ni ya miguu yenye macho.

Kuhusu mageti. Watu wengi wanaogopa gari zinazopita barabarani kumbe hatari ya njia ya viwandani iko kwenye mageti, kwa sababu gari ya barabarani unaiona tangu mbali lakini lori linalotoka yadi dereva wake yuko juu, anaangalia kulia atafute nafasi ya kuingia barabarani, na weye uko kushotoni kwake chini usawa wa tairi. Hakuoni. Na mtoto ndo hamuoni kabisa. Sasa kila geti lililo wazi simama, mtafute dereva kwa macho mpaka akuangalie, ndo upite, na kama lori linarudi nyuma usipite hata kama utingo anakupungia mkono kwamba njoo. Watoto upande wa ukutani, weye upande wa barabara, kwenye geti unageuza, unakuwa weye upande wa geti.

Jengine ambalo wanaopanga mji wakilisikia wanacheka mpaka waone wenyewe, sehemu zenye gereji na maduka ni salama zaidi kwa mwanamke na watoto kuliko sehemu zenye ukuta mrefu mtupu. Fundi yuko chini ya gari anagonga, muuza vyuma chakavu anapima, seremala anapiga randa, mama anakaanga mihogo, kelele tupu, lakini kila mtu anakuona na mwanao akianguka wako wa kumwinua. Halafu nenda kwenye ule ukuta mzuri uliopakwa rangi nyeupe, mita mia mbili hakuna mlango wala dirisha, jua limetua, huko ndo moyo unadunda. Ukinambia nichague njia ipite wapi, ipite mbele ya gereji. Mafuta machafu kwenye viatu utafuta ukifika nyumbani.

Mitaro ni kero ya kweli. Mvua za masika zikianza Machi mpaka Mei, ile sehemu yote ya kando ya hori la zamani, kuanzia Darajani kwenda Malindi na Funguni, maji yanarudi kwao. Wazee wanajua pale palikuwa bahari inaingia, mji na Ng'ambo vilitenganishwa na maji na daraja ndo lilikuwa la kuvukia, pakafukiwa kidogo kidogo mpaka katikati ya karne iliyopita. Ukiona dimbwi limekaa juu ya mtaro usiruke na mtoto mkononi, hujui kifuniko kipo au kishaibiwa kikauzwa chuma. Rudi, kesho pia ni siku.

*

*Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kinazini. Naona mnawapigia debe wenda kwa miguu. Mbele ya dukani kwangu ndo pa kupaki gari za wateja na pa kushushia saruji na nondo. Mkiweka njia ya matembezi pale mteja wangu atapaki wapi? Na huyo anayetembea kwa mazoezi atanunua nini, mfuko wa saruji abebe kichwani?* (Mwenye Duka, Kinazini)

Hahaha, kaka umenichekesha, na nusu ya barua yako ni kweli. Aliyetoka kupunguza kitambi hanunui nondo.

Ila angalia mbele ya duka lako kwa jicho la mtu mwengine kidogo. Hiyo nafasi unayoiita ya wateja mara nyingi si yako, ni hifadhi ya barabara, na weye mwenyewe unajua siku Manispaa wakija na gari lao wanachukua meza na mabango bila kuuliza jina. Kwa hivyo ukiwa na njia ya miguu iliyokaa sawasawa na pa kushushia mzigo palipochorwa, weye ndo unapata uhakika, leo huna. Kushusha saruji ni kazi ya nusu saa asubuhi na mapema, haihitaji siku nzima kukaliwa na pikapu mbili ambazo, tuseme ukweli, moja yake ni ya shemeji yako.

Na mteja si lazima anunue leo. Anayepita mbele ya duka kwa gari anaona bango tu, anayepita kwa miguu anaona bei ya rangi, anaona aina ya bati, anaona kwamba kumbe hata mabomba mnauza, na siku anajenga choo cha uani anakuja kwako. Nenda Darajani ukaangalie. Lile soko la 1904 na mitaa inayolizunguka, Mchangani mpaka Mlandege, biashara yote ya pale inakula kwa miguu ya watu, gari zinabanana hazina pa kusimama na bado wenye maduka hawahami. Pia kando ya njia ya miguu anakuja muuza maji, muuza madafu, muuza kahawa, hawa ni wapangaji wako watarajiwa, kibaraza chako cha pembeni unachowekea matairi mabovu kinaweza kulipa kodi.

Penye haki yako ni hapa: njia isiwekwe kabla ya kukaa na wenye maduka. Michenzani na Mlandege watu walishaona mara kadhaa maamuzi yanakuja kutoka juu. Tangu 1923 mji huu unapangwa na watu wanaochora ramani, Lanchester na ripoti yake ya 1923, Kendall 1958, Wajerumani Mashariki 1968 walioleta fikra za yale majumba ya Michenzani, Wachina 1982, kila mmoja alikuwa na mistari yake mizuri. Ndo pale miaka ya 2010 Idara ya Mipango Miji na Vijiji na wenziwao wa Amsterdam walipofanya ule mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, jambo jipya lilikuwa kwenda kuwauliza wakaazi kwanza wao wanapathamini wapi. Na watu hawakujibu majumba makubwa tu, walitaja baraza, maskani, misikiti, viwanja vya mpira, sehemu wanazofika kwa miguu. Kwa hivyo ukisikia kikao shehiani kwako, kwa yule kiongozi wa mtaa, nenda, usimtume kijana wa dukani.

*

*Kwani kwa nini njia isipite pwani moja kwa moja kutoka Malindi mpaka Mtoni? Ufukwe si wa wananchi wote? Kikundi chetu cha mazoezi tukitaka kukimbilia mchangani tunakuta ukuta, tunakuta mlinzi, tunakuta kontena. Nani kawapa?* (Kijana wa Mazoezi, Mwembemakumbi)

Mdogo wangu suali lako ndo kubwa kuliko yote na jibu lake lina matabaka.

Ardhi ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ya serikali, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi namba 12 ya 1992 inasema ni mali ya umma iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, anachopewa mtu au kampuni ni haki ya kutumia, kwa masharti. Maana yake yule mwenye ukuta hana ufukwe, ana karatasi ya matumizi, na karatasi ina mipaka na ina muda. Kikundi chenu kikitaka kujua mpaka uko wapi pitieni kwa sheha, sheha atawapeleka Kamisheni ya Ardhi, mwende na barua si na mabango, na muombe kuonyeshwa ramani. Mtazungushwa lakini ni haki yenu.

Ila bandarini usipapiganie, hapo utashindwa na kuna sababu. Tangu Julai 2004 kuna kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, baada ya yale mashambulizi ya Marekani ya 2001, nchi yoyote inayopokea meli za nje lazima izungushie uzio bandari yake na ijue kila anayeingia. Bandari ikikataa meli kubwa hazitii nanga, na mchele unaokula unakuja na hizo meli. Kwa hivyo geti la Malindi halikuwekwa kwa sababu mtu anakuchukia wewe na raba zako. Hapo njia lazima ipinde iingie barabarani, na huko barabarani ndo upiganie upana, taa na mti wa kivuli kwenye hiyo barabara. Baadae serikali ikimaliza bandari jumuishi iliyoipanga Mangapwani na makontena yakapungua mjini, pale Malindi patakuwa na ardhi ya kuzungumziwa, na mazungumzo hayo yaanze leo maana siku ile wenye fedha watakuwa wameshafika na michoro ya hoteli.

Sehemu ambayo bado iko wazi ni madiko, pale wavuvi wanapofikia na vyombo vyao. Diko halina geti. Funguni pale kwenye soko la samaki unaingia, unatoka, unaona mnada wa asubuhi, dalali anaita bei ya changu na jodari haraka kuliko anavyosoma mtangazaji wa redio, unaona majahazi yanapakuliwa mbao na makuti. Ndo maana nasema njia iguse kila diko, hata kwa kichochoro cha mita mbili kati ya godauni na godauni. Vichochoro hivyo vingi vilikuwepo na vimezibwa kimyakimya, mtu anaanza na gunia za mchanga, halafu bati, halafu tofali. Kikundi chenu mnapita kila siku, mnajua kipi kilikuwa wazi mwaka jana. Piga picha, andikeni orodha, hiyo itamsaidia sheha kuliko malalamiko.

Na kukimbilia mchangani maji yakitoka, kama mnaujua mji wenu mnajua na bamvua, ule wakati maji yanapojaa na kutoka kwa wingi. Maji ya bamvua yakianza kujaa hayakusubiri umalize raundi, na huko nyuma ya uzio hakuna pa kupandia. Fuateni kalenda ya mwezi, mwezi mpya na mwezi mpevu muwe na hadhari.

*

*Vyoo je? Na maji ya kunywa?* (Hajataja jina, Jang'ombe)

Misikiti iko njia nzima, wanaume hawana shida. Wanawake shida ni kubwa na sitaipamba: soko la samaki na Darajani vipo vya kulipia, katikati ya hapo hakuna cha kutegemea. Maji beba kutoka nyumbani. Ramadhani tembea baada ya tarawehe, si kabla ya futari, wakati ule madereva wana njaa na hawana subira.

*

*Nyinyi kila kitu Unguja. Sisi Pemba hatuna miguu?* (Mpemba Halisi, Chake Chake)

Mnayo ndugu yangu, tena milima yenu inaijenga vizuri kuliko barabara zetu za kutandaza. Na njia yako ya viwandani unayo mlangoni. Toka mjini Chake, pita madukani, panda kwenda Gombani kwenye uwanja wa mpira, halafu ukamate njia ya Wawi kwenye kiwanda cha makonyo. Hiyo ni njia ya maduka, uwanja na kiwanda kwa asubuhi moja. Sisi huku tunakutana na moshi wa dizeli, nyinyi msimu wa karafuu ukifika barabara nzima imeanikwa majamvi pembeni, na kiwanda kikiwasha mitungi ya kukamua mafuta unasikia harufu kabla hujakiona. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, watu wa zamani walikuwa wanaona taka, kiwandani vinapikwa kwa mvuke vinatoa mafuta yanayouzwa nje.

Angalizo mbili tu. Karafuu zilizoanikwa kando ya barabara usizikanyage hata kama njia imekuwa nyembamba, shuka barabarani uzunguke ukishaangalia gari, maana ile ni ada ya skuli ya mtu. Na kiwandani usiingie na simu juu unapiga picha, simama getini, mwambie mlinzi unatembea tu na ungependa kuona, muulize nani wa kumuomba ruhusa. Ukipata nafasi tuandikie, tutaichapisha barua nzima pamoja na matusi yake.